Usingizi Uliopotea Ziwa Lilipofungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mchuuzi wa Dagaa wa Katonga, Kigoma

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana, kufuatia makubaliano na nchi nyingine tatu zenye sehemu ya ziwa hilo, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kisa ninachokichambua hapa kinaanzia katika kipindi hicho. Kinamhusu mama mwenye umri wa miaka 47 ambaye hununua dagaa wabichi katika mwalo (ufukwe wanakoshushia wavuvi) wa Katonga, Kigoma mjini, akawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaowapeleka mikoa mingine. Simtaji jina kwa sababu kisa chake ni cha mfano: kimejengwa kutokana na hali ambazo yeyote anayewafahamu wanawake wa mwaloni atazitambua mara moja. Nimekichagua kwa kuwa kinagusa jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha tunapowashauri watu kuhusu afya zao. Mazoea madogo ya kila siku yana nguvu ya kweli ya kumrudishia mtu afya na utulivu wa moyo, lakini hushika pale tu yanapofungwa kwenye kazi, mahali na saa ambazo tayari mtu anazo. Na kwa mtu aliyechoka, mahali pa kuanzia karibu kila mara ni usingizi.

Hali ilivyokuwa

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, lakini kanuni ni ile ile: mwanga huwakusanya dagaa chini ya chombo na wavu huwachota. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hupoteza nguvu yake, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi na kutoka siku za giza. Maisha ya wanawake wa mwaloni hufuata mwendo huo huo wa mwezi. Katika siku za giza mama huyu alikuwa akiamka saa kumi usiku, na ilipofika saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari ufukweni na mabeseni yake, akisubiri vyombo viwasili ili asije akakuta dagaa wazuri wamekwisha kununuliwa. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuosha, kumwaga dagaa kwenye vichanja, kuwageuza, kufukuza ndege na kuliangalia wingu, kwa sababu mvua ya saa moja inaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Alirudi nyumbani jioni, akapika ugali wa muhogo na mboga kwa ajili ya binti yake na wajukuu wawili, wakala saa tatu au saa nne usiku, naye akalala karibu na saa tano. Kwa hesabu hiyo alikuwa akilala takribani saa tano, ilhali mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na alikuwa ameishi hivyo kwa miaka mingi bila kuona kwamba ni tatizo.

Ziwa lilipofungwa, majirani walidhani angepumzika. Kilichotokea ni kinyume. Aliendelea kuzinduka saa kumi usiku, ila sasa hapakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alibaki kitandani akihesabu madeni: marejesho ya mkopo wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) kila Jumamosi, ada ya mtoto, kodi ya chumba anachohifadhia magunia. Usingizi ulimrudia kulipopambazuka, akaamka saa tatu au saa nne asubuhi kichwa kikiwa kizito, akalala tena mchana, na usiku uliofuata akakesha zaidi. Alianza kuwafokea wajukuu kwa mambo madogo, kisha akijutia na kulia peke yake. Kichwa kilimuuma upande wa kisogoni. Binti yake alimsihi aende kupimwa, na katika kituo cha afya kipimo cha kwanza cha shinikizo la damu kilisoma 158 kwa 96. Siku chache baadaye kilirudiwa, akiwa amekaa ametulia kwa dakika tano, miguu ikiwa sakafuni na mkono umeegemezwa mezani, kikasoma 154 kwa 94. Shinikizo linalofikia 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huhesabiwa kuwa la juu, hivyo aliandikiwa dawa na kupewa maelekezo.

Ushauri wa kwanza, na kwa nini haukushika

Maelekezo hayo yalikuwa sahihi yote. Apunguze chumvi, anywe maji ya kutosha, afanye mazoezi, ale mboga na matunda, apunguze mawazo, alale vizuri, na ameze dawa kila siku. Hakuna mtaalamu anayeweza kupinga hata moja. Hata hivyo, baada ya wiki tatu alikuwa hajatekeleza karibu chochote, na hata dawa alikuwa amekwisha kuiacha. Ni rahisi kusema kwamba alikuwa mkaidi. Mimi naona kwamba ushauri uliotolewa wote kwa mara moja ni kama dagaa waliomwagwa kwa wingi kwenye kichanja kimoja: wa juu hukauka, wa chini huoza. Lakini wingi wake haukuwa tatizo pekee, na inafaa kuangalia ni nini hasa kilichozuia kila jambo.

Chukua suala la maji. Kwa miaka mingi mama huyu hakunywa maji tangu alfajiri hadi saa kumi jioni, si kwa kutojua faida yake, bali kwa sababu mahali anapoanikia dagaa hapana choo cha wanawake kilicho karibu na chenye staha. Mwanaume anaweza kwenda nyuma ya jiwe. Mwanamke wa miaka 47, mbele ya vijana anaowazidi umri kiasi cha kuwazaa, hawezi. Alijizuia kunywa ili asihitaji kujisaidia, na akawa anazima kiu kwa vikombe vidogo vya chai ya rangi yenye sukari nyingi. Kumwambia anywe maji bila kumuuliza atajisaidia wapi ni kumwachia nusu ya kazi ambayo hana uwezo wa kuimaliza peke yake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu linawahusu wanawake wengi wa masoko na miyalo, na karibu kamwe halimo katika mazungumzo ya chumba cha daktari.

Kuhusu mazoezi, alimjibu muuguzi kijana bila kificho: “Mwanangu, mimi tangu alfajiri nabeba mabeseni kichwani, nainama na kuinuka, mazoezi gani tena?” Alikuwa na haki. Katika siku za kazi mwili wake hutembea na kubeba kupita dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Muuguzi hakujua, na mama mwenyewe hakuona, kwamba tangu ziwa lifungwe mwili huo uliozoea kazi nzito ulikuwa umeacha kutembea ghafla, na kwamba sehemu ya uzito aliousikia kifuani ilitokana na ukimya huo.

Dawa aliiacha kwa sababu inayoeleweka pia. Aliinywa siku kadhaa, kichwa kikapoa, akaona amepona. Hakuwa ameelezwa kwa maneno yanayoshika kwamba shinikizo la damu la juu mara nyingi halina dalili yoyote, kwamba kupoa kwa kichwa si kipimo cha mishipa, na kwamba dawa hiyo humezwa hata siku ambazo mtu anajisikia mzima kabisa. Ama kuhusu “punguza mawazo”, aliirudia kauli hiyo kwa binti yake kwa uchungu: hakuna aliyemwonyesha anayapunguzaje.

Kuanzia na usingizi

Aliyebadili mwelekeo wa mambo ni dada yake mkubwa, anayeishi mtaa wa juu mlimani, mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu. Alipomtembelea akamkuta amelala saa nne asubuhi, hakumlaumu. Alimwuliza swali moja tu: “Mdogo wangu, katika haya yote, ni lipi ukilipata mengine yatakuwa mepesi?” Naye akajibu bila kufikiri: “Dada, nikilala.”

Jibu hilo lilikuwa sahihi hata kwa upande wa elimu ya mwili. Mtu anapolala, shinikizo la damu kwa kawaida hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 chini ya lile la mchana, na moyo na mishipa hupata nafuu ambayo haipatikani kwa njia nyingine. Anayekatiza usingizi hupoteza sehemu ya nafuu hiyo usiku baada ya usiku. Kukosa usingizi huongeza hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta, hupunguza uvumilivu, na hufanya tatizo la kawaida lionekane halina njia ya kutokea. Kwa hiyo hasira kwa wajukuu, sukari nyingi kwenye chai, machozi na hata sehemu ya kipimo cha 158 vilikuwa na mzizi mmoja, ingawa si mzizi pekee.

Hatua ya kwanza waliyokubaliana haikuwa kulala mapema, kwa sababu hakuna awezaye kujiamuru kulala. Ilikuwa kuamka saa ile ile kila siku, awe amelala vizuri au amekesha, na kutoka nje kwenye mwanga. Hapa pana jambo la Kigoma linalostahili kuelezwa. Nchi nzima hutumia saa za aina moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo mwezi wa Juni jua huchomoza baada tu ya saa moja asubuhi, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma anayeamka saa kumi na mbili huamka gizani, na saa ya ndani ya mwili hupangwa zaidi na mwanga kuliko na saa ya ukutani. Mwanga wa asubuhi unapoingia machoni, ubongo hupunguza utoaji wa melatonini, ambayo ni homoni ya usiku, na huanza kuhesabu muda hadi itakapotolewa tena jioni. Mama huyu alikuwa akikosa ishara hiyo kabisa, akiwa ndani chumbani na pazia limeshushwa hadi saa nne. Walichagua saa moja kasorobo asubuhi kuwa saa ya kuinuka, afagie uwanja huku jua linatoka upande wa milima, kisha ateremke mwaloni.

Kuteremka mwaloni wakati ziwa limefungwa kulionekana kwa binti yake kuwa ni kupoteza muda. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichookoa mengi. Kulikuwa na vichanja vya kukarabati, nyavu za kufunikia dagaa za kushona, na zaidi ya yote kulikuwa na wanawake wengine ambao nao walikuwa wamekaa majumbani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayekesha. Waliposalimiana “mwakeye” asubuhi na kuulizana hali, siku ilipata mwanzo. Mwili wake ulirudi kutembea, kushuka na kupanda mlima wa Katonga, na mazoezi aliyoyakataa yakarudi kwa jina la kazi yake mwenyewe.

Hatua ya pili ilihusu kitanda. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza mbinu ambayo mpaka leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi: kitanda kitumike kwa kulala, si kwa kuwaza, na mtu akikaa macho kwa muda wa kama dakika 20 ainuke, aende mahali pengine, afanye jambo tulivu, na arudi pale tu usingizi unapomjia. Wazo lake ni kwamba ubongo hujifunza kuhusisha mahali na hali. Aliyelala akihesabu madeni kila usiku hufundisha mwili wake kwamba kitanda ni ofisi ya madeni. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye wajukuu, kuinuka usiku si jambo jepesi. Suluhisho lilikuwa mkeka uliotandikwa sebuleni karibu na mlango, taa ndogo, na maharage ya kuchambua kwa ajili ya kesho. Usiku wa kwanza alichambua maharage yote na bado hakulala. Katika wiki ya pili alikuwa akirudi kitandani kabla ya kufika nusu ya ungo.

Hatua ya tatu ilikuwa chai. Nusu ya kafeini aliyokunywa mtu huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wengine muda huo ni mrefu zaidi; kikombe cha saa mbili usiku bado kinafanya kazi saa saba za usiku. Hakuacha chai. Kikombe cha mwisho kilihamishiwa saa nane mchana, na baada ya hapo alikunywa mchaichai unaoota uani kwake, ambao hauna kafeini, tena akiunywa bila sukari au kwa sukari kidogo. Usingizi wa mchana nao ulipunguzwa ukawa nusu saa, kabla ya saa tisa.

Mawazo yapewe saa yake

Kulala kuliboreka, lakini saa kumi ya usiku iliendelea kumzindua, na wa kwanza kumsalimu alikuwa deni. Hapa dada yake alifanya jambo ambalo wazee wetu wengi hulifanya bila kulisomea: hakumkataza kuwaza, alimpa wakati wa kuwaza. Kila siku saa kumi na moja jioni, barazani, mama alimwambia binti yake aliyemaliza kidato cha nne mambo yote yanayomsumbua, naye akayaandika kwenye daftari. Kisha waliyapitia moja moja wakiuliza kama lipo la kufanya kesho. Lililokuwepo liliandikiwa saa na mtu wa kuonana naye. Lisilokuwa na la kufanya liliachwa kwenye daftari mpaka jioni inayofuata. Alipozinduka usiku alijiambia kwamba jambo hilo limeandikwa na saa yake itafika. Mbinu ya kutenga muda maalumu wa wasiwasi ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, na waliotengewa muda huo walipata nafuu.

Daftari lilidhihirisha kwamba mambo zaidi ya kumi yaliyomnyima usingizi yalikuwa na kichwa kimoja, nacho ni marejesho ya kikoba. Ujumbe wa kukumbushana ulikuwa ukitumwa kwenye simu saa nne usiku, wakati ambapo hakuna wa kumpigia na hakuna pesa ya kutafuta. Alikwenda kwa mwenyekiti siku ya Alhamisi. “Mama Mwenyekiti, nimekuja kabla ya Jumamosi ili tusikutane kwa aibu,” alisema. Mwenyekiti alimkaribisha mkekani, akamjibu: “Karibu, mwenzangu. Wiki hii wewe ni wa nne kuja na neno hilo hilo.” Kikundi kilikaa, kikakubaliana kwamba wanaotegemea ziwa walipe nusu hadi uvuvi utakapofunguliwa, na kwamba ujumbe wa kukumbushana utumwe mchana. Uamuzi huo mdogo wa saa ya kutuma ujumbe, naamini, uliwapa usingizi watu wengi kuliko ushauri wowote wa mtu mmoja mmoja.

Nguvu ya mzee anayesikiliza imethibitishwa mahali pengine barani kwetu. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, mpango wa Benchi la Urafiki, akianza na mabibi 14 waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na washiriki 573 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Swali la dada mkubwa wa Katonga, “ni lipi ukilipata mengine yatakuwa mepesi”, linafuata njia hiyo hiyo.

Dawa na chakula

Baada ya kurudi kituoni na kueleza bila kuficha kwamba aliacha dawa, alianzishiwa upya, na safari hii muuguzi alimwuliza ni kitu gani hakosi kukifanya kila asubuhi. Jibu lilikuwa uji. Pakiti ya dawa ikawekwa ndani ya kopo la unga wa uji. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010 ukiwa na washiriki 96, ulionyesha kwamba jambo jipya linalofanywa kila siku baada ya ishara ile ile hufikia kufanyika lenyewe katika muda wa kati wa siku 66, ingawa watu walitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyofanyika. Sehemu hiyo ya mwisho ingepaswa kusemwa katika kila kliniki, kwa sababu wengi huacha kabisa kwa kuona kwamba siku moja waliyosahau imewaharibia yote.

Chakula hakikuhitaji mapinduzi. Dagaa walioanikwa juani bila chumvi ni chakula bora, wana protini, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao hutoa madini ya chokaa kwa wingi. Tatizo lilikuwa migebuka (samaki wa ziwa hilo) ya chumvi iliyoliwa karibu kila jioni bila kulowekwa, juu ya chumvi nyingine iliyotiwa kwenye mboga, ilhali kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Migebuka ikaanza kulowekwa na maji yake kumwagwa, na mboga ikapikwa bila chumvi ya ziada siku hiyo. Mawese yalibaki, kwa kipimo kidogo, kwa sababu karibu nusu ya mafuta hayo ni yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli). Chakula cha usiku kilisogezwa hadi saa moja na nusu, jambo ambalo wajukuu walilifurahia kuliko mtu mwingine yeyote.

Ziwa lilipofunguliwa

Tarehe 15 Agosti uvuvi uliruhusiwa tena, lakini mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19, siku nne tu baadaye, kwa hiyo giza la kutosha kwa taa lilikuja mwishoni mwa mwezi huo. Hapo ndipo mazoea mapya yalipopata mtihani wao, na baadhi yalianguka. Uji wa saa moja asubuhi haukuwepo tena, kwa kuwa saa hiyo yupo ufukweni; na dawa iliyofungwa kwenye uji ikapotea pamoja nao. Kwa siku tano hakuimeza, si kwa ukaidi, bali kwa sababu ishara iliyomkumbusha ilikuwa imeondoka. Ninaliona hili kuwa fundisho zito kuliko yote katika kisa hiki kwa wale wanaofanya kazi za msimu: mazoea huishi mahali na saa fulani, na ratiba ikihama lazima yahamishwe kwa makusudi. Binti ndiye aliyegundua pakiti haijaguswa. Walikaa barazani wakatafuta tendo jingine lisilokosekana, wakalipata: kunawa mikono baada ya kichanja cha mwisho kujazwa, kabla ya kula andazi la asubuhi. Dawa sasa hukaa kwenye mkoba wa pesa.

Usingizi nao ulipangwa upya. Kuamka saa kumi hakuepukiki katika siku za giza, kwa hiyo binti alichukua upishi wa jioni ili mama alale saa tatu na nusu, na mchana wanawake wawili wa vichanja jirani walianza kupokezana ulinzi ili kila mmoja alale nusu saa kivulini. Jumla haifiki saa saba kila siku, lakini inazidi saa sita na nusu, tofauti na tano za zamani. Siku za mbalamwezi hakubaki tena kitandani mpaka saa nne; huamka si zaidi ya saa kumi na mbili na nusu, ili pengo kati ya mizunguko miwili ya mwezi lisiwe kubwa kupita kiasi.

Kuhusu choo, wanawake saba walikubaliana kumchangia kila mwezi mwenye nyumba iliyo karibu na mwalo, awaruhusu kutumia choo chake na kukitunza. Tangu hapo mama huyu hubeba chupa ya maji ya lita moja na nusu na huimaliza kabla ya kurudi nyumbani. Ni mpango wa dharura ambao haupaswi kuwa mzigo wa wachuuzi, na wasimamizi wa miyalo wanapokusanya ushuru wanapaswa kulihesabu hili kuwa sehemu ya kazi yao.

Mwezi wa Novemba kipimo chake kilisoma 136 kwa 86. Haiwezekani kusema ni kiasi gani kilitokana na dawa na kiasi gani na usingizi, chumvi au mzigo wa deni uliopungua, na sioni sababu ya kuvitenganisha, kwa kuwa hata umezaji wa dawa ulitengemaa baada ya siku yake kutengemaa. Uzito wake haukubadilika. Bado huzinduka usiku baadhi ya siku, hasa mvua inapokuwa kubwa na dagaa hawakauki. Hasira kwa wajukuu imepungua kiasi kwamba mdogo wao alimwuliza kwa nini siku hizi hapigi kelele.

Muuguzi hakuridhika na kipimo pekee. Alimwuliza kama katika wiki mbili zilizopita alikuwa na huzuni karibu kila siku, kama vitu alivyovipenda bado vinamfurahisha, na kama aliwahi kufikiri kwamba afadhali asingekuwepo. Alijibu kwamba mwezi wa Juni jibu la maswali mawili ya kwanza lingekuwa baya, na la tatu alikaa kimya kidogo kabla ya kusema hapana. Maswali hayo yalipaswa kuulizwa siku ile ya 158 kwa 96. Mtu ambaye huzuni yake imedumu wiki mbili au zaidi, au ambaye wazo la kufa limempitia, hapaswi kuachiwa daftari na mchaichai peke yake. Anahitaji kuonwa na mtaalamu bila kuchelewa, na kwa Kigoma mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ndiyo mahali pa kupelekwa. Muuguzi alimwandikia kurudi kila mwezi wakati wote wa masika, akamwomba dada mkubwa aje naye katika ziara ya kwanza, ili naye ayajue maswali hayo matatu na aweze kumwuliza nyumbani.